Baba alirudi, mwana akahama

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini hawakutuambia mtoto afanyeje iwapo mbacha wenyewe umekunjwa na baba yake, ukafungwa kamba na kupakiwa melini.

Maneno haya yalinijia siku moja nilipokuwa Eastleigh, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi. Nilikuwa nimeketi dukani kwa rafiki yangu, Mbarawa auzaye vitambaa, mara akaingia mzee wa Kihindi mwenye kofia nyeupe kichwani na picha kuukuu mkononi. Alitoa salamu, tukaitikia. Kisha akasema kwa Kiswahili cha Nairobi ya zamani: "Samahani, bwana. Nyumba yetu ilikuwa upande hii."

Tuliitazama picha. Ilikuwa nyumba ya chini, ya mawe na mabati, na barazani wamejipanga watoto watano. Mahali pale leo pamesimama jengo la ghorofa nyingi, na duka la rafiki yangu limo ndani yake.

Vijana wengi hudhani kwamba Eastleigh ilianza na Garissa Lodge, ile nyumba ya wageni iliyogeuzwa maduka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sivyo, ndugu msomaji. Katika siku za ukoloni, watu walipogawanywa kwa rangi, mtaa huu ulikuwa wa Wahindi, Wagoa na Wasomali. Jirani yake ni Pumwani, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe makao ya Waafrika, na Waswahili wa Majengo wakaijaza kwa misikiti na vyuo.

Mzee yule ni Mkokni, watu ambao sisi wa Mombasa twawajua vyema. Baba yake alikuja kutoka Ratnagiri, pwani ya Bara Hindi, angali kijana, akawa fundi wa magari. Yeye mwenyewe alizaliwa Nairobi mwaka 1959. "Chuoni nilikaa jamvi moja na watoto wa Pumwani," alituambia. "Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Lamu. Fimbo yake haikuuliza Mhindi nani, Mswahili nani."

Ikaja tarehe 12 Desemba 1963, siku ya uhuru. Aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja naye akawa kazaliwa Kenya, alikuwa raia papo hapo. Wengine walipewa miaka miwili ya kujiandikisha. Baba yake alisitasita. Leo ataenda, kesho ataenda, hata muda ukapita naye angali na pasipoti yake ya Kiingereza. Mwaka 1967 zikapitishwa sheria za uhamiaji na za leseni za biashara, na asiyekuwa raia hakuweza tena kufanya kazi bila kibali. Watu wakaanza kukimbilia London. Waingereza nao, ambao ndio waliotoa pasipoti zile, wakapitisha sheria kwa siku chache tu. Kuanzia tarehe 1 Machi 1968 mlango ukabanwa, vikabaki vyeti 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia.

Baba akaona afadhali angojee zamu yake kwa ndugu zake. Aliwakusanya watoto barazani akawaambia: "Tunarudi kwetu."

"Mimi nilifurahi," alisema mzee. "Nilidhani kwetu ni mahali mtu huenda kisha akarejea Eastleigh."

Walipanda gari la moshi jioni, asubuhi wakawa Mombasa. Pale Kilindini ilikuwa imetia nanga Karanja, meli ya kampuni ya British India, ambayo pamoja na dada yake Kampala ilisafiri baina ya Bombay na Durban. Wenye fedha walilala vyumbani, na familia ya fundi ikatandika malalo yake sitahani. Palikuwa na jiko la Wahindu na jiko la Waislamu, kila mtu akala chakula kinachomhalalikia. Meli ilipopita Ras Serani, mtoto aliiona mibuyu na watu wakipunga mikono. Naye akapunga, ingawa hakuwa na amjuaye. Wakapita Shelisheli, wakafika Bombay.

Huko ndiko alikofahamu. Watoto wa mjomba walimcheka kwa matamshi yake wakamwita Mwafrika. Usiku alimuuliza mama yake watarudi lini, naye mama akamjibu kwamba wamekwisha rudi. Katika meli moja, baba alikuwa akirudi na mwana alikuwa akihama, wala hapana aliyemwambia mwana. Miaka minne baadaye cheti kilipatikana wakaenda Blackburn, Uingereza. Huko nako aliitwa jina jingine.

Tusidhani kuwa mambo haya ni ya Wahindi peke yao. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 familia nyingi ziliondoka Unguja na Pemba, na tangu Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970, wengi walipokelewa Omani. Nao waliambiwa kwamba wanarudi. Lakini mtoto aliyezaliwa Ng'ambo au Malindi ya Unguja alirudi wapi? Hadi leo mitaani Muscat utasikia Kiswahili, lugha ya walioambiwa wamefika kwao.

Rafiki yangu Mbarawa alikuwa kimya muda wote. Kisha akasema: "Mzee, mimi niliingia kwa mlango uliotokea wewe." Mwaka 1991, vita vilipoivunja Somalia, yeye angali mdogo, wazazi wake walimpakia chomboni hadi Mombasa. Wakakaa kambi ya Utange, wakizungumza Chimwini chao, ambacho ni ndugu wa Kiswahili chetu. Baba yake alimwambia kuwa ni safari ya mwezi mmoja.

Basi wazazi wenzangu, kuhama kuna sababu zake, na mara nyingine mzazi hana hiari. Karatasi nazo zisichezewe, kwani mapuuza ya miaka miwili yamemzungusha mtoto dunia nzima. Lakini mwambieni mtoto kweli. Kama anahama, aambiwe anahama, apate kuaga.

Chai ililetwa, tukanywa. Mzee akachagua kitambaa cha mjukuu wake, akatoa noti na kuanza kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Nikamuuliza kwa nini hahesabu kwa Kiingereza, naye ameishi huko zaidi ya miaka hamsini.

"Ndugu yangu," akasema, "pesa nahesabu kwa Kiswahili. Kwa lugha nyingine naogopa kukosea."