Mvuvi Anahama, Takwimu Zinabaki

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hufanya kazi usiku wa giza. Taa huwashwa majini, dagaa hufuata mwanga, nyavu hushushwa. Mbalamwezi ikipevuka, mitumbwi hupumzika. Dagaa wakiadimika, kambi nzima huhama: aliyekuwa Ukerewe mwezi jana leo yuko Kome, mwezi ujao Goziba. Nyuma yake wanafuata mama lishe, wahudumu wa baa na wanawake waanikao dagaa.

Mtu huyo akiwa na VVU, tarehe yake ya kliniki haiujui mwezi. Ikiangukia siku za giza, achague dawa au kipato cha familia. Akihama bila barua ya uhamisho, kituo alikotoka kinamwandika mtoro. Kumbe asubuhi hiyohiyo amemeza dawa kisiwani, alikojiandikisha upya kama mgonjwa mgeni kwa kuogopa kugombezwa. Mtu mmoja, mafaili mawili: huku amepotea, kule ameanza leo.

Ndiyo maana nazitilia shaka asilimia za wilaya moja moja. Kiwango cha wanaopata dawa hupatikana kwa kugawanya walio kwenye dawa kwa idadi inayokadiriwa kuwa na VVU mahali hapo, na namba zote mbili zinahama pamoja na watu. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania wapatao milioni 44.9, ya 2022 ikahesabu 61,741,120, na ongezeko hilo halikugawanyika sawa. Wilaya iliyopokea wageni inaweza kuonekana imevuka asilimia 100 kwa sababu tu makadirio yake yamepitwa na wakati.

Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulionyesha kuwa kati ya watu wazima wanaoishi na VVU, asilimia 82.7 walijua hali zao, na kati ya hao asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa. Maana yake, anayejua anameza. Pengo liko kwa asiyepimwa, na mhamaji ni rahisi kurukwa, kwani timu ya upimaji ikifika yeye ameshaondoka. Upande wa Uganda, huko Rakai, utafiti uliochapishwa 2016 ulikuta maambukizi ya asilimia 42 kwenye mialo ya wavuvi, dhidi ya 14 katika vijiji vya wakulima. Utafiti mwingine wa hukohuko ulibaini kuwa miaka miwili ya kwanza baada ya kuhamia eneo jipya ndiyo yenye hatari kubwa ya kuambukizwa.

Kuwapa dawa za miezi kadhaa wagonjwa walio imara kumepunguza safari nyingi, na ni hatua ya kupongezwa. Lakini haimsaidii aliyefika mwaloni na kopo tupu. Wahudumu wa afya, mgeni kama huyo akija dirishani, mpeni dawa kwanza. Barua ya uhamisho itafuata.