Kura ya Siri, Hesabu ya Wazi

Wahenga walisema kwamba ukubwa ni jaa. Anayekubali kuwa mkubwa amekubali kutupiwa kila kitu: maswali, malalamiko, hata lawama asizostahili. Asiyeweza kuyavumilia hayo, heri akae kando. Leo twataka kuwaza pamoja nanyi juu ya tumaini ambalo Wakenya wamelibeba kwa miaka mingi, tumaini la kuwa na serikali iliyo wazi mbele ya watu wake. Na katika kuwaza hivyo, tujiulize swali moja: je, katika nchi, ni nani apaswaye kusitiriwa, na ni nani apaswaye kuonekana?

Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1988. Wakati huo chama kilikuwa kimoja tu, KANU, na tangu 1982 sheria ilikuwa imekataza chama kingine chochote. Katika uchaguzi wa mchujo hapakuwa na karatasi wala sanduku. Wapiga kura walipanga mstari nyuma ya mgombea wao, au nyuma ya wakala aliyeshika picha yake. Hiyo ndiyo iliyoitwa mlolongo. Mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya watu katika mstari alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa, wala hakuhitaji kura ya siri.

Fikirini hali ya mtu mdogo siku ile. Mkulima anayemdai mwenye kinu fedha za mahindi yake, na mwenye kinu ni mgombea. Mama anayepanga chumba kwa ndugu yake diwani. Wote walisimama juani, wakitazamwa na chifu na majirani. Kisha hesabu ikatangazwa, na katika sehemu kadhaa watu waliona mstari mfupi ukiitwa mrefu. Wangelalamika vipi? Watu walipokwisha kutawanyika, hakukuwa na karatasi hata moja ya kuhesabiwa upya.

Basi, tazameni jinsi mambo yalivyopinduliwa. Mnyonge aliwekwa wazi, na mwenye nguvu akafichwa. Kura ilionekana na kila mtu, bali hesabu haikuonekana na mtu yeyote.

Makanisa hayakunyamaza. Mwaka 1986, mpango huo ulipotangazwa, wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa waliupinga. Walisema mchungaji ni wa kundi lote, naye hawezi kusimama nyuma ya mtu mmoja mbele ya kondoo wake bila kuligawanya kundi. Baada ya uchaguzi wa 1988, gazeti la Baraza hilo lililoitwa Beyond liliandika juu ya udanganyifu uliotokea, nalo likapigwa marufuku mwaka uo huo. Lakini neno lilikuwa limekwisha kusemwa. Mnamo Desemba 1991 kifungu cha chama kimoja kiliondolewa katika Katiba, na mnamo Desemba 1992 Wakenya wakapiga kura ya siri kati ya vyama vingi.

Wengi walidhani safari imekwisha. Kumbe kumsitiri mpiga kura ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuifunua hesabu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu walipokosa kuamini matokeo yaliyotangazwa, zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha katika ghasia, na maelfu kwa maelfu wakafukuzwa makwao. Tume ya Jaji Kriegler iliyochunguza uchaguzi ule ilisema mwaka 2008 kwamba kazi iliharibika kiasi kwamba haikuwezekana kujua mshindi wa kweli ni nani. Yaani damu ilimwagika juu ya hesabu ambayo hakuna aliyeweza kuithibitisha.

Ndiyo maana Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 yaanza kwa kusema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Viongozi wengi wa makanisa waliipinga rasimu yake kwa sababu zao, wananchi wakaipitisha, na leo yawalinda wote, waliokubali na waliokataa. Na matunda yake tumeyaona. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba tume ya uchaguzi haikufungua mitambo yake ya kompyuta kama mahakama ilivyoiagiza. Majaji walisema, kwa maneno mengine, kwamba anayeficha hesabu asitegemee kuaminiwa. Mwaka 2022 tume hiyo iliweka fomu za vituo vya kupigia kura, zaidi ya vituo 46,000, mahali ambapo mtu yeyote mwenye simu aliweza kuzisoma na kujumlisha mwenyewe. Ubishi ulikuwako, na kesi ikafika mahakamani. Lakini waliobishana walikuwa na karatasi zile zile mbele yao.

Sasa, wapendwa, kanuni hii haiishii kwenye uchaguzi. Yafika hadi kwenye zahanati na shule ya kijijini. Kifungu cha 35 cha Katiba champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 yaeleza namna ya kuipata. Mwananchi aandika barua, kwa Kiswahili au Kiingereza, akitaja habari anayoitaka. Asiyejua kuandika aweza kusema kwa mdomo, na afisa amwandikie. Hatozwi ada ya kuomba, ingawa aweza kulipia gharama ya kunakiliwa karatasi. Halazimiki kueleza sababu ya kuuliza. Ofisi yapaswa kujibu ndani ya siku 21, nayo yaweza kuongeza siku 14 ikiwa kazi ni kubwa. Kama habari yahusu uhai au uhuru wa mtu, jibu latakiwa ndani ya saa 48. Akinyimwa, mwananchi aweza kupeleka malalamiko yake kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman.

Tena sheria yenyewe yaweka mpaka. Ukiuliza zahanati ilipokea dawa gani mwezi uliopita, wapaswa kujibiwa. Ukiuliza jirani yako anatibiwa ugonjwa gani, hupaswi kujibiwa. Mwaona? Mgonjwa asitiriwe, na daftari la dawa lifunuliwe.

Hata hivyo tusijidanganye. Mnamo Juni 2024 vijana wengi waliusoma Mswada wa Fedha, wakaeleza vifungu vyake kwa lugha ya watu, wakatoka barabarani kuupinga. Tarehe 25 Juni baadhi yao waliingia Bungeni, risasi zikapigwa, na watu wakafa. Kesho yake rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Lakini kufikia Desemba 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imeandika visa zaidi ya 80 vya watu kutekwa, na wengine walikuwa hawajaonekana. Katiba yasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama ikiwa saa hizo zimeishia siku isiyo ya kazi. Mtu anapochukuliwa na watu wasiojitambulisha, katika gari lisilo na alama, tumerudi kwenye upotovu ule wa mlolongo: mwenye bunduki amefichwa, na mwenye swali ameachwa bila sitara.

Tunamkumbuka mzee Samweli. Alipozeeka, kabla ya kuacha uongozi, alisimama mbele ya taifa zima akawaomba wamshtaki. Aliuliza ni nani aliyenyang'anywa ng'ombe au punda naye, na ni nani aliyemdhulumu au kupokea rushwa kutoka kwake. Hakungoja kuulizwa. Huo ndio ukubwa ulio jaa, ukubwa usioogopa kutupiwa maswali.

Je, sisi tufanye nini? Kwanza, tuitumie haki tuliyo nayo. Kikundi cha akina mama au cha vijana chaweza kukaa jioni moja, kikaandika barua moja, kwa ofisi moja, juu ya jambo moja: basari ya watoto, au barabara iliyolipiwa na haionekani. Waweke nakala na waandike tarehe. Pili, kaunti inapowaita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, twende tukiwa tumeisoma. Tatu, tuanze nyumbani. Mweka hazina wa kikundi chetu, wa chama cha ushirika, hata wa kanisa letu, asomewe hesabu zake mbele ya wote, wala anayeuliza asiitwe mchochezi. Watoto wanaokua wakiona hayo hawatakubali kutawaliwa gizani.

Kuna wasemao kwamba viongozi wote ni wale wale, na kwamba kuuliza ni kazi bure. Twawaelewa, maana wamechoka. Lakini waliosimama juani mwaka 1988 nao waliambiwa hivyo hivyo, na mlolongo haupo tena. Haukuondoka wenyewe. Waliokataa kunyamaza ndio waliouondoa.

Mungu awasitiri wanyonge wa nchi yetu, na awape wakubwa wetu moyo wa kukaa mahali penye mwanga. Amina.