Njia za Kukifikia Kitefute Kilichovunjika: Suala la Istilahi na Ridhaa ya Mgonjwa Bujumbura

Mkazi wa Buyenzi aliyeanguka na pikipiki akavunjika kitefute, yaani mfupa wa shavu, huhudumiwa na daktari aliyesomea Kifaransa na muuguzi anayefasiri kwa Kirundi au Kiswahili. Katika safari hiyo ya lugha, dhana ya njia ya upasuaji, yaani mahali daktari anapoingilia ili aufikie mfupa, ni rahisi kupotea. Kinachobaki ni kauli fupi: "utapasuliwa shavu." Kauli hiyo humtisha mgonjwa, na tena si sahihi.

Katika njia zilizozoeleka, ngozi ya shavu haipasuliwi. Njia iliyoelezwa na Gillies na wenzake mwaka 1927 huanzia panjani, ndani ya nywele, kwa mkato wa sentimita 2 hivi. Chuma chembamba hupitishwa chini ya utando mgumu unaofunika msuli wa panja, kikateremka hadi chini ya tao la kitefute, na mfupa uliobonyea ukainuliwa kutoka ndani. Kovu hufichwa na nywele. Keen, mwaka 1909, alikuwa ameeleza njia nyingine, ya kupitia kinywani juu ya fizi za taya la juu, isiyoacha kovu lolote usoni. Mfupa usiotulia baada ya kuinuliwa hufungwa kwa vibamba vya titani na skurubu. Hapo mkato hufanywa penye nyusi au kwenye kope la chini, kulingana na mahali ulipoachana na jirani zake. Mvunjiko ambao haukuhamisha mfupa mara nyingi hauhitaji upasuaji.

Mgonjwa anayeogopa kovu la shavuni huahirisha. Wiki kadhaa zikipita, mfupa huanza kushikana vibaya, na kuuinua tu hakutoshi tena. Huenda ukalazimika kukatwa upya. Wakati huo kinywa huenda hakifunguki vizuri, kwa kuwa tao lililobonyea huzuia mwendo wa taya.

Napendekeza istilahi zifuate mlango wa kuingilia: njia ya panja, ya kinywa, ya nyusi, ya kope. Maneno haya tayari ni ya watu. (Kirundi huliita shavu *itama*, nasi bado twashika tama tukihuzunika, hatuna haja ya kwenda mbali.) Aidha, kurejesha mfupa mahali pake na kuufunga ni vitendo viwili, wala visiunganishwe katika neno "kutengeneza". Kitendo cha kwanza huweza kutosha. Cha pili huacha chuma mwilini, na mgonjwa ana haki ya kulijua hilo kabla ya kutia saini.

Fomu ya ridhaa ya Kiswahili itakayosomeka Bujumbura, Uvira na Kigoma ianze kwa kutaja mahali pa mkato, ifuatie kitakachofanyiwa mfupa, kisha hatari ya njia iliyochaguliwa. Ile ya kope, kwa mfano, huweza kuliacha kope la chini limevutwa na kuteremka.