Luberizi: tovuti inaweza kukaa nyumbani, lakini jina lake linapita wapi?

Kompyuta ndogo inayoenea kwenye kiganja, batri ya sola na muunganisho wa intaneti: kwa vitu hivyo vitatu, mkaaji wa Luberizi anaweza kuweka tovuti ya shirika lake, shule au kanisa ndani ya nyumba yake, bila kulipa kampuni ya mbali imtunzie. Kazi ngumu haiko kwenye kompyuta. Iko kwenye jina. Mtu aliye Bukavu, Bujumbura au Bruxelles akiandika jina la tovuti hiyo, ni lazima jina limfikishe mpaka kwenye nyumba moja ya bonde la Ruzizi, kando ya barabara ya taifa nambari 5.

Jina linauliza njia

Kwenye intaneti, mashini hazijuani kwa majina. Kila moja ina namba, inayoitwa anwani ya IP. Majina yaliwekwa kwa ajili ya watu, kwa sababu hakuna anayeweza kushika namba nyingi kichwani. Mfumo wa kugeuza jina kuwa namba, DNS, ulitungwa mwaka 1983 na Mmarekani Paul Mockapetris, na ndio unaotumika hadi leo.

Mfumo huo unafanya kazi kama mgeni anayeshuka kwenye basi Luberizi akitafuta nyumba ya mtu. Nyumba hazina namba, kwa hiyo anauliza barabarani. Pale anaelekezwa kwa chifu wa kijiji, chifu anamwonyesha mtaa, na jirani anamwonyesha mlango. Jina linaloishia na .cd linapita njia hiyohiyo. Kwanza linauliza seva kuu za dunia: .cd ni ya nani? Zinajibu: ulizeni seva za Congo. Seva za Congo zinaelekeza kwa seva zinazoshika jina lenyewe, na hizo ndizo zinazotoa namba ya nyumba. Mmoja wa hao akidanganya au akikosekana, mgeni anapotea.

Siku .cd ilipobaki nusu wazi

Hilo si jambo la kufikiria tu. Wakati wa Zaïre, nchi ilitumia .zr. Baada ya nchi kubadili jina mwaka 1997, ikapewa .cd, na .zr ikafutwa kabisa mwaka 2001. Leo .cd iko mikononi mwa shirika la serikali la posta na simu, SCPT.

Mwisho wa mwaka 2020, mtafiti wa usalama kutoka Sweden, Fredrik Almroth, aligundua kwamba jina scpt-network.com, ambalo baadhi ya seva za .cd zilikuwa zinalitegemea, lilikuwa limeachwa bila kulipiwa upya. Mtu yeyote angeweza kulinunua. Akalinunua yeye kabla ya mhalifu, kisha akawaarifu wahusika mwezi wa kwanza 2021. Kwa siku hizo chache, karibu nusu ya maswali yote yaliyohusu .cd yangeweza kupita mikononi mwake. Mwenye nia mbaya angewapeleka watu kwenye tovuti bandia za benki au za serikali. Wahusika walihamia kwenye jina lingine linaloishia na .net.

Funzo linafika hadi kijijini. Shirika nyingi zinamwachia kijana mmoja kazi ya kuandikisha jina kwa barua-pepe yake mwenyewe. Akihamia Kampala au akipoteza neno la siri, jina linaisha muda wake na mwingine anaweza kulichukua. Inafaa jina liandikwe kwa barua-pepe ya shirika, watu wawili wajue neno la siri, na tarehe ya kulipa iandikwe kwenye daftari la mweka hazina.

Kuelekeza jina nyumbani

Jina likisha kununuliwa, mwenye jina anaingia kwenye ukurasa wa aliyemuuzia na kuandika mstari mmoja unaoitwa rekodi A: jina hili, namba hii ya IP. Karibu na hapo kuna muda wa kukumbuka, unaohesabiwa kwa sekunde. Ukiwekwa 86400, mashini nyingine zinaweza kushikilia namba ya zamani kwa siku nzima. Kwa nyumba ambayo namba yake inabadilika, 300, yaani dakika tano, ni salama zaidi.

Kisha ruta ya nyumbani inaambiwa: mgeni akigonga kwenye mlango 80 au 443, mpeleke kwa kompyuta ile ndogo. Cheti cha kufunga mawasiliano kinapatikana bure kwa Let's Encrypt.

Kizuizi cha katikati

Hapa ndipo wengi wanakwama. Kampuni za simu hazina namba za IP za kumtosha kila mteja, kwa hiyo zinawaweka wateja wengi nyuma ya namba moja. Kutoka nje unaweza, lakini mgeni akibisha hodi, kampuni haijui ampeleke kwa nani. Starlink, iliyopata ruhusa ya kufanya kazi Congo mwezi wa tano 2025 baada ya kukatazwa mwaka uliotangulia, nayo inafanya hivyo kwa wateja wa kawaida.

Kuhakikisha ni rahisi. Fungua ukurasa wa ruta na utazame namba iliyopewa upande wa intaneti. Ikianza na 10, na 192.168, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya kizuizi, na kuandika rekodi A ni kupoteza wakati.

Njia iliyobaki ni handaki. Kompyuta ya nyumbani inafungua yenyewe njia kuelekea seva ndogo ya kukodi iliyo mbali, kwa programu kama WireGuard, na kuiacha wazi. Jina linaelekezwa kwa seva hiyo, nayo inapitisha wageni hadi nyumbani. Cloudflare inatoa huduma ya namna hiyo bure. Gharama yake ni kwamba kuna tena mtu wa katikati. Lakini maandishi, picha na kumbukumbu zinabaki nyumbani.

Handaki lina faida nyingine, hasa katika bonde lililoona vita mara nyingi. Dunia inaona namba ya seva ya mbali, si namba ya nyumba. Anayeandika mambo yanayoweza kumletea maadui asielekeze jina moja kwa moja nyumbani kwake.

Hesabu ya umeme

Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inakula karibu wati 5, na modemu ya simu karibu 10. Kwa saa 24 ni wati-saa 360. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu ili isiharibike, inatoa wati-saa 600: karibu siku moja na nusu bila jua. Sahani ndogo ya Starlink peke yake inakula wati 25 hadi 40. Kwa hiyo kinachomaliza batri mara nyingi ni mawasiliano, si tovuti.

Intaneti ikikatwa

Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote kwa karibu wiki tatu. Siku kama hizo jina halifikishi mtu popote. Lakini tovuti iliyo nyumbani haizimiki. Ruta inaweza kufundishwa jina hilohilo, na kila aliye karibu na Wi-Fi yake akasoma bei ya mpunga, orodha ya wanafunzi au tangazo la mkutano, bila kununua hata mega moja.

Kwa anayeanza, inafaa kufuata utaratibu huo: tovuti ifanye kazi kwanza ndani ya uwanja, kisha namba ya ruta ichunguzwe, handaki lifunguliwe ikihitajika, na jina linunuliwe mwishoni. Nakala ya kila kitu ihifadhiwe kwenye nyumba nyingine, kwa sababu batri inaibwa na paa linavuja.