Mchoro wa vita usio na askari hata mmoja

Mpe mtoto wa darasa la nne simu yenye picha hii, usimwambie ni ya nini, kisha muulize anaona nini. Anaweza kusema ni shamba lililoungua, au msitu uliomalizwa na wachoma mkaa. Si rahisi aseme ni vita, kwa sababu hakuna bunduki, hakuna bendera wala askari.

Kumbe ni mmoja wa michoro ya vita inayojulikana sana Uingereza. Paul Nash aliuchora mwaka 1918 kwa rangi za mafuta na kuuita We Are Making a New World, yaani “Tunaijenga Dunia Mpya.” Ni kejeli kali. Vita hiyo ni ile ya Kwanza ya Dunia, iliyoiachia Dar es Salaam jina la Kariakoo kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Ardhi ndiyo inayoshtua kwanza. Ina ukijani, rangi ambayo kwa mkulima ni mvua na mavuno. Hapa imechujuka kama mkate ulioota ukungu, na hakuna kinachomea. Ni matope yaliyofukuliwa na mizinga, yamevimba matuta matuta kama makaburi. Nyuma yake mawingu ni mekundu ya kutu, kama damu iliyokaukia kwenye bendeji. Juu yake limetokeza jua jeupe lenye miale iliyonyooka, safi kabisa, kama vile halijui kilichotokea usiku.

Nash aliona mandhari hayo Ubelgiji, karibu na mji wa Ypres. Mei 1917, akiwa ofisa wa jeshi, alitumbukia kwenye handaki akavunjika ubavu na kurudishwa nyumbani. Siku chache baadaye wenzake wengi waliuawa katika shambulio. Novemba alirudi huko akiwa mchoraji rasmi, na katika barua kwa mkewe, Margaret, alilalamika kwamba hata macheo yalikuwa kama dhihaka kwa binadamu.

Halafu kuna miti. Miaka kadhaa kabla ya vita, Nash alimwandikia rafiki yake kwamba alikuwa akijaribu kuichora miti kana kwamba ni watu. Wakuu wa Uingereza nao hawakutaka maiti za askari wao zionekane. Mchoro wa mwenzake, C.R.W. Nevinson, ulizuiwa kwa sababu hiyo. Nash hakuchora maiti. Alichora mashina yaliyokatika vichwa, matawi yakining’inia kama mikono iliyovunjika.

Watoto nao hufanya hivyo. Aliyepitia mafuriko, moto au ugomvi wa wazazi anaweza kushindwa kusema, lakini akachora nyumba isiyo na mlango. Hata hivyo, mzazi asikimbilie kutafsiri rangi. Nyeusi inaweza kuwa ndiyo penseli pekee iliyobaki baada ya wadogo zake kupoteza nyingine. “Hebu nisimulie mchoro wako” inatosha, kisha mzazi anyamaze na asikilize. Asimsahihishe kwamba mti haukai hivyo.

Ikiwa mtoto anarudia picha ileile ya kutisha wiki baada ya wiki, na pia hapati usingizi, ameanza tena kukojoa kitandani au anajitenga na wenzake, apelekwe kituo cha afya. Na michoro yake ichukuliwe, mhudumu aione.