Nyundo Ipi kwa Kazi Ipi?

Watu wengi hudhani kwamba nyundo ni chombo kisichohitaji maarifa. Lakini fundi wa Mkula, mkoani Simiyu, anayenyoosha plau ya kukokotwa na ng'ombe asubuhi na kuunda mlango wa mbao jioni, hawezi kuzitimiza vema kazi hizo mbili kwa nyundo moja. Sababu yake ni ya kifizikia.

Nyundo hupata nishati inaposhuka, kisha huitoa kwa ghafla inapotua. Nyundo ya nusu kilo ikitua kwa mwendo wa meta 4 kwa sekunde ina nishati ya jouli 4. Ikiwa pigo hilo litazamisha msumari kwa milimeta 4, kani ya wastani inayousukuma ni niutoni 1,000, karibu sawa na uzito wa mzigo wa kilo 100. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Uzito ukiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara mbili tu. Ndiyo maana mpini hushikwa mwishoni, ili kichwa kipate mwendo.

Seremala hutumia nyundo yenye makucha, ambayo pia ni wenzo wa kung'olea misumari. Patasi yenye mpini wa mti hupigwa kwa nyundo ya mbao, ambayo uso wake mpana husambaza kani bila kuupasua mpini. Nyundo ya fundi chuma ina upande mmoja bapa na mwingine wa mviringo. Huo wa mviringo hutandaza kichwa cha ribiti. Makali ya plau yaliyopashwa moto hadi kuwa mekundu yahitaji nyundo nzito zaidi, juu ya fuawe. Kupasua jabali ni kazi ya nyundo kubwa ya mikono miwili.

Kukosea uchaguzi huu kwaweza kumpofusha mtu. Uso wa nyundo ya seremala umekazwa kwa moto, na chuma kigumu namna hiyo hakipindiki bali humeguka. Ukipiga tindo kwa nyundo hiyo, kibanzi chaweza kuruka na kutoboa jicho. Tindo hupigwa kwa nyundo ya fundi chuma, yenye uso mpana kuliko kichwa cha tindo, na mpigaji huvaa miwani ya kukinga macho.

Jaribio la darasani: hakikisha kwanza kwamba kichwa cha nyundo kimekazwa kwa kabari. Hesabu mapigo yanayozamisha msumari wa sentimeta 5, ukishika mpini mwishoni, kisha karibu na kichwa. Eleza sababu ya tofauti utakayoiona.