Mkaguzi Anapobisha Hodi kwenye Nyumba ya Wanyama wa Utafiti

Hapa Unguja wengi wanaikumbuka ile ndege ndogo iliyokuwa ikipita juu ya mashamba na msitu wa Jozani ikimwaga mbung'o. Kati ya mwaka 1994 na 1997 waliachiliwa madume zaidi ya milioni 8 waliofanywa tasa kwa mionzi, na mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Mifugo yetu ikasalimika na nagana. Madume hao walifugwa Tanga, kwenye taasisi ya utafiti wa mbung'o, na chakula cha mbung'o ni damu tu.

Zamani mbung'o wa maabara walilishwa kwenye ngozi ya wanyama hai, kama vile sungura na mbuzi. Tanga ilitumika damu ya machinjioni, ikawekwa chini ya utando mwembamba wa silikoni. Mbung'o hudunga utando kama anavyodunga ngozi, na hakuna mnyama wa kushikiliwa ili aumwe. Hilo ndilo walilotaka Waingereza wawili, Russell na Burch, mwaka 1959: mnyama asitumike panapo njia nyingine, akitumika, wawe wachache iwezekanavyo na maumivu yapunguzwe.

Tunaieleza habari hii kwa sababu wazazi hutuuliza: kijana wetu amepata kazi ya kutunza panya weupe wa maabara, sasa anasema wakaguzi wanakuja, je, kuna hatari? Tunajibu kwamba afadhali wakaguzi waje. Tanzania Bara ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini hata pasipo kutaja sheria, mnyama anayetunzwa vibaya humletea mtunzaji wake maradhi.

Mwaka 1967 tumbili kutoka Uganda walipelekwa Ulaya kwa kazi ya chanjo. Huko Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, katika Yugoslavia ya wakati ule, watu walioshika tumbili hao au damu na viungo vyao walishikwa na homa isiyojulikana. Baadhi ya waliowauguza nao wakaambukizwa, jambo ambalo sisi wauguzi hatulisahau. Waliugua watu 31, wakafa 7. Ndipo lilipotoka jina la Marburg, ugonjwa uliozuka mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025, ingawa huko haukutoka maabara.

Basi nyumba ya wanyama hujiandaaje? Si kwa kupaka rangi usiku wa kuamkia ukaguzi. Tabia hiyo tunaijua hata mahospitalini: shuka mpya hutoka kabatini siku ya mgeni! Harufu ya rangi humsumbua panya, na mkaguzi mzoefu hutazama daftari kwanza: nani aliwapa maji Jumapili, wangapi walikufa mwezi uliopita na kwa nini, wageni walitengwa siku ngapi kabla ya kuchanganywa na wenzao. Daftari lililojazwa lote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja hujisema lenyewe.

Kisha hunusa. Mkojo wa panya ukikaa kwenye maranda hutoa hewa kali inayochoma macho na mapafu, ya panya na ya mtu pia. Watunzaji wengine hupata mafua yasiyoisha, hata pumu, kwa sababu ya mzio wa mkojo na manyoya. Kijana wako akikohoa siku za kazi na kupata nafuu siku za mapumziko, mlete apimwe, asingoje ukaguzi.

Kisiwani kwetu lipo na swali la umeme. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kwa joto letu, chumba kilichojaa vizimba bila feni huua wanyama upesi. Mkaguzi atataka jenereta iwashwe mbele yake, maana kuionyesha tu hakutoshi.

Mizoga ichomwe kwenye tanuri, isitupwe jaani ambako paka na kunguru watajihudumia. Koti la kazi libaki kazini. Mama asilifue pamoja na nguo za watoto. Mle ndani watu wasile wala wasinywe chai. Kila mtunzaji awe na kadi ya chanjo ya pepopunda, na wanaoshika mbwa au tumbili wachanjwe pia dhidi ya kichaa cha mbwa.

Na akiumwa na mnyama, asifiche kwa kuogopa kufukuzwa. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aandike kwenye daftari aina ya mnyama, namba ya kizimba na saa, kisha aje hospitali siku hiyo hiyo na maelezo hayo mkononi.